Chupa ya Juu na Mchanga wa Chini

Nilipokuwa mwanafunzi wa uhandisi hapa Nairobi, nilipewa kazi ya kukadiria mashapo, yaani mchanga na tope, yanayobebwa na Mto Mbagathi wakati wa masika, kazi niliyoidhania nyepesi. Nilisimama juu ya kivuko, nikatumbukiza chupa iliyofungwa kamba, nikaivuta. Maabarani niliyachuja maji, nikaikausha karatasi ya chujio kwa nyuzi 105 za Selsiasi, nikaipima. Tope lilikuwepo, laini kama poda, lakini mchanga haukuwepo hata punje, ilhali hatua chache kutoka pale wachota mchanga walikuwa wakijaza lori.

Mzee mmoja miongoni mwao alinicheka. "Kijana wangu, wewe unachota juu. Mchanga hupita chini."

Jioni hiyo nilikoroga udongo wa mto ndani ya ndoo, nikauacha utulie. Mchanga ulilala chini kabla sijahesabu hadi 30, lakini asubuhi maji yalikuwa bado na rangi ya chai ya maziwa. Katika maji yaliyotulia, punje ya mchanga yenye kipenyo cha milimita 0.1 huzama takriban milimita 8 kwa sekunde, ilhali chembe ya udongo wa mfinyanzi ya milimita 0.002 huhitaji saa nyingi kushuka kimo cha ndoo.

Mtoni maji hayatulii. Msukosuko huyazungusha, yakapanda na kushuka, na kiasi kinachopanda ni sawa na kinachoshuka. Ila yale yanayopanda hutoka katika tabaka lenye mashapo mengi, na yanayoshuka hutoka katika tabaka lenye machache, hivyo kila mzunguko huongeza chembe kidogo huko juu, kiasi cha kufidia zinazozama. Mwaka 1937 Hunter Rouse wa Marekani aliueleza uwiano huo kwa hesabu: kasi ya kuzama hugawanywa kwa zao la 0.4 na kasi ya msuguano, yaani kipimo cha nguvu ambayo maji huikwangua nayo sakafu ya mto. Jibu likizidi takriban 2.5, punje hubiringika chini tu. Likiwa dogo sana, kama lilivyo kwa mfinyanzi, tope huenea karibu sawasawa toka chini hadi juu. Chupa yangu, kwa hiyo, ilikuwa imepima mfinyanzi peke yake.

Nilifunga chupa nyingine kwenye fimbo ya chuma, nikaitia kizibo chenye mirija miwili: mmoja ukielekea maji yanakotoka, mwingine wa kutolea hewa. Kanuni ni kuishusha hadi karibu na sakafu na kuipandisha kwa mwendo usiobadilika, na ikijaa kabla ya kutoka majini, sampuli hiyo haifai. Nilimwaga tano, kwa kuwa mkono wangu ulisita kila fimbo ilipotikiswa na mkondo. Ya sita ilitoka ikiwa imejaa robo tatu, na karatasi yake ilipokauka niliipitishia ukucha: ilikwaruza.