Siku moja ya fundi sanifu wa maabara: kusaka tundu lisiloonekana

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya fizikia katika chuo kimoja jijini Dar es Salaam, na wengi hudhani kazi yangu ni kuosha vyombo na kutunza funguo.

Saa 1:30 asubuhi ninafungua milango, ninakagua mafuta ya pampu ya kunyonya hewa na kuiwasha.

Saa 3:00, chumba cha ombwe, yaani kilichoondolewa hewa, tunachotumia kupaka alumini juu ya vioo kimegoma: shinikizo limekwama kwenye paskali 60, ilhali pampu ya difyusheni, ile ya hatua ya pili inayotumia mvuke wa mafuta moto, haiwashwi kabla halijashuka chini ya 10. Ninafunga valvu ya kwenda kwenye pampu na kutazama shinikizo. Linapanda kwa mwendo uleule. Ungekuwa unyevu wa kutani, lingepanda kwa kasi kisha likatulia. Hewa inaingia mahali fulani.

Vigunduzi vya uvujaji vya kiwandani vinazidi uwezo wetu, hivyo changu nimekiunda kwa balbu ya tochi iliyovunjwa kioo, ikafungwa ndani ya bomba la chumba na kuunganishwa na daraja la Wheatstone, sakiti ya kupima badiliko dogo la ukinzani, na mita ya mshale, kwa kanuni aliyoianzisha Marcello Pirani mwaka 1906. Waya hupashwa moto kwa umeme kidogo. Heliamu, gesi nyepesi ninayopuliza nje ya chumba, ikipenya kwenye tundu hubeba joto zaidi kuliko hewa, waya hupoa, ukinzani hupungua na mshale husogea. Heliamu iliyogunduliwa ardhini Rukwa tunaisikia tangu 2016, lakini hii ninainunua kwa wajaza maputo.

Saa 5:00 anaingia mwanafunzi wa uzamili mwenye vioo vyake.

“Shikamoo, mzee. Bado tu? Si tununue pampu mpya?”

“Marahaba. Pampu ni nzima.”

Ninapuliza kuanzia juu, kwa kuwa heliamu hupanda, nikingoja kila kiungio kijibu, na ghafla mshale unacheza popote ninapogusa. Nikigeuka, kumbe bwana mkubwa, mwanafunzi wangu, amewasha feni, na gesi imesambaa chumba kizima. Ninaizima, tunatokwa jasho wote wawili, naye anauliza tena kuhusu pampu mpya. Kisha umeme unakatika, nami ninakimbilia kufunga valvu na kuingizia pampu hewa, mafuta yasije yakanyonywa hadi chumbani. Ukirudi, tunaanza upya.

Alasiri imekwisha ndipo mshale unasogea sawasawa, mara zote pembeni mwa mlango. Juu ya oringi, pete ya mpira inayoziba mlango, umelala unywele mmoja. Ninaufuta, ninapaka grisi kiasi cha kung’arisha tu, na shinikizo linashuka hadi 4.

“Kwa hiyo pampu ilikuwa nzima?” anauliza.

Difyusheni huchukua muda kupata moto na mlinzi ameanza kufunga milango, hivyo vioo vyake nitavipaka kesho.