Tembo wa maji anayezunguka bila pampu: nilivyomtengeneza Lubumbashi

Watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walinishauri juu ya mnyama wa kurushia watoto maji nyumbani kwangu, na wa kwanza aliniambia kwamba hatafanya kazi mpaka ninunue pampu ya kuongeza msukumo. Naandika maelezo haya kwa sababu wote watatu walikosea. Tangu mwezi wa tisa watoto wa uani kwetu, hapa Kampemba, wanacheza kila jioni chini ya tembo anayezunguka, anayerusha maji kwa mkonga na kwa mkia huku akipunga masikio, na tembo huyo anaendeshwa na maji ya tanki peke yake, hata siku ambayo umeme umekatika tangu asubuhi.

Jambo hili lilianza mdogo wangu alipotoka Lusaka, akavuka mpaka wa Kasumbalesa na kuwaletea watoto pweza wa plastiki mwenye mikono minane ya mipira myembamba, ile ambayo maji yakipita kwa nguvu hujipinda na kujirusha huku na huku kama nyoka aliyeshikwa mkia. Tulimfunga kwenye tiyo, yaani mpira wa maji, tukafungua robine, yaani koki, na mikono yote minane ikalala juu ya majani, maji yakidondoka polepole kwenye ncha zake. Mtoto wangu wa mwisho aliinua mkono mmoja kwa vidole viwili, akauachia, ukaanguka tena. Akaniuliza kama pweza anaumwa.

Pweza hakuwa na kasoro yoyote. Vitu vya namna hiyo hutengenezwa kwa ajili ya nyumba ambazo bomba lake lina msukumo wa bar 2 au 3, ilhali sisi tunatumia maji ya kisima kirefu yanayopandishwa kwenye tanki la lita 1,000 lililo juu ya mnara wa chuma. Maji yaliyosimama kwa kimo cha mita 10 hutoa karibu bar 1. Uso wa maji katika tanki langu uko mita 4 kutoka ardhini, kwa hiyo nina bar 0.4 na si zaidi. Anayetaka kujua kimo chake bila kipimo chochote apande ngazi akiwa ameshika ncha ya tiyo: pale maji yanapoacha kutoka, ndipo uso wa maji ulipo ndani ya tanki.

Ushauri niliopewa ulinichosha kuliko kazi yenyewe. Muuza vifaa vya ujenzi alisema, «Papa, bila pampu utahangaika bure,» na pampu aliyonionyesha ilizidi dola mia moja na hamsini, tena ya umeme. Fundi mmoja wa mabomba aliniagiza nitoboe matundu makubwa zaidi ili maji yatoke kwa wingi. Nilimsikiliza, nikaharibu mkonga mzima wa kwanza, kwa sababu tundu kubwa huyaachia maji kabla hayajapata mbio, nayo yakatoka mengi lakini yakaanguka miguuni pa tembo. Wa tatu, jirani ninayemheshimu, alisisitiza kwamba tiyo nyembamba ndiyo inayoyapa maji nguvu, akanitolea mfano wa mtoto anayeziba robine kwa kidole gumba. Mfano huo ni wa kweli, ila hautetei tiyo nyembamba. Kidole kinabana mwishoni, mahali maji yanapotokea, na hapo kweli yanaongeza mbio. Lakini ukiyabana njiani, katika mita 15 za tiyo, yanasugua kuta zake na nguvu nyingi inaishia humo. Niliondoa tiyo ya nusu inchi, nikaweka ya inchi moja kutoka kwenye tanki hadi kwa tembo, na matundu ya mwisho nikayatoboa kwa drili ya milimita 2. Badiliko hilo moja lilinipa maji yanayopanda juu ya kichwa cha mtu mzima.

Mwili wa tembo ni bidoni, yaani dumu la plastiki, ya mafuta ya kupikia ya lita 5. Mkonga na mkia ni vipande vya bomba la shaba, mukuba kama tunavyoiita hapa, vilivyokatwa kutoka kwenye friji iliyokufa. Kila kimoja kimezibwa mwishoni na kutobolewa matundu mawili ubavuni. Matundu ya mkonga yanatazama upande mmoja na ya mkia upande wa pili, ili maji yakitoka kwa nguvu yaisukume shaba kinyume chake na tembo mzima azunguke. Wanafunzi wa fizikia wanaifahamu kanuni hii kwa jina la gurudumu la Segner, na ni ya tangu karne ya 18. Kuchora macho na kumpaka rangi ya kijivu hakukunichukua hata saa moja.

Kilichonichukua wiki tatu ni kiungo, yaani mahali ambapo tembo anayezunguka anakutana na bomba lililosimama wima bila kuzunguka. Mara ya kwanza nilifanya kama fundi yeyote wa mabomba angefanya: nilivika pete ya mpira kati ya bomba na ala yake, yaani sehemu ya tembo inayolivaa bomba, ili tone lisipotee. Halikupotea hata tone, na tembo hakutikisika. Nilipaka mafuta ya kupikia, akazunguka nusu duara na kusimama. Nikapunguza mpira kwa kisu, nikaupunguza tena, na kila nilipoupunguza ndivyo alivyozidi kwenda, mpaka jioni moja nikautoa wote kwa hasira. Ala ilibaki ikilichezea bomba kwa nafasi ndogo kama unene wa karatasi mbili, maji yakawa yanavuja kuizunguka, na tembo akaanza kwenda mwenyewe, bila kelele. Ndipo nilipotambua kwamba maji yale yanayovuja ndiyo mafuta yake. Yanapita katikati ya chuma na chuma na kuvizuia visisuguane. Najua ni vigumu kwa mtu aliyefundishwa maisha yake yote kuziba mivujo, lakini hapa muvujo ndio unaofanya kazi.

Hata hivyo sikuwa nimemaliza, kwa sababu siku iliyofuata, tanki likiwa limejaa, nilifungua robine ghafla na tembo akaruka. Alipanda kama urefu wa mkono, akaanguka kwenye tope umbali wa hatua mbili kutoka mahali mpwa wangu alipokuwa amesimama. Nilifunga maji na kumrudisha kila mtoto ndani. Usiku ule nilipiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga mwanzoni: bomba langu lina kipenyo cha milimita 15 kwa nje, kiungo kiko sentimita 60 juu ya ardhi, na nguzo ya maji yenye kipenyo hicho na kimo cha mita 3.4 ina uzito wa gramu 600 hivi. Huo ndio msukumo unaomwinua tembo kutoka chini, naye alikuwa na gramu 300.

Kwanza nilipitisha msumari mnene juu ya kiungo, unaozunguka ndani ya mfereji na kumzuia asitoke hata msukumo ukizidi. Anayetengeneza mnyama wa namna hii bila kizuizi hicho asimruhusu mtoto amkaribie. Kisha nikaanza kuongeza nati za boliti ndani ya tumbo lake, moja baada ya nyingine, huku maji yakiwa wazi. Zilipokuwa chache, msumari ulikwaruza juu. Zilipozidi, alilemea na kwenda kwa kusitasita. Katikati kulikuwa na uzito mmoja, karibu nusu kilo, ambapo hakugusa juu wala chini. Alikuwa ameelea juu ya maji yake mwenyewe, na nilipomsukuma kwa kidole kimoja, robine ikiwa karibu imefungwa, alizunguka mara tano kabla ya kutulia. Nilimwita mke wangu atoke jikoni aje kuona.

Masikio niliyakata kutoka kwenye bidoni nyingine ya plastiki na kuyaning'iniza kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la kinga, yaani baiskeli. Tundu moja dogo linalipiga kila sikio karibu na ncha ya chini. Sikio linarushwa nje, linatoka kwenye njia ya maji, linaanguka kwa uzito wake na kupigwa tena. Ni akili ile ile ya vinyunyizio vya mashambani vinavyogonga tak-tak-tak, vilivyobuniwa Kalifornia mwaka 1933. Sikio likiwa zito halipungi, kwa hiyo msitumie bati, ambalo pia lina makali.

Jirani mmoja alilalamika kwamba tunamwaga maji wakati wengine wanapanga foleni na bidoni, na lalamiko hilo nililichukua kwa uzito. Nilikinga maji kwa dakika moja: lita 7, pamoja na yanayovuja. Nusu saa ya mchezo ni lita 210, sawa na bidoni kumi na kidogo za lita 20, na hicho ndicho kiasi nilichokuwa nikimwagilia lengalenga, yaani mchicha, na matembele kila jioni. Basi tembo amesimama kwenye majani upande wa juu wa bustani, mfereji mdogo unayashusha maji hadi kwenye matuta, na mboga zinapata zamu yake wakati watoto wanapata yao. Kuna aliyenishauri niyakusanye kwenye beseni na kuyarudisha kwenye tanki; sitafanya hivyo hata siku moja, kwa sababu watoto wanacheza midomo ikiwa wazi na maji yaliyopita miguuni si ya kurudi mdomoni.

Weusi wa tiyo ni hatari ambayo hakuna aliyenitajia. Mwezi wa kumi, maji yaliyolala ndani yake juani tangu saa sita huunguza ngozi, kwa hiyo mimi mwenyewe hufungua kwanza na kusubiri mpaka yapoe mkononi ndipo naita watoto. Mchanga wa kisima nao huziba matundu. Kipande cha soksi ya kike kwenye mdomo wa tanki kimenitosha, nacho nakifua kila Jumamosi.

Gharama zote, nikihesabu rangi na tiyo ya inchi moja, hazikuvuka dola thelathini, na kubwa kuliko zote ilikuwa tiyo. Sasa watoto wanadai twiga. Nimewaeleza kwamba shingo ya mita 2 itakula nusu ya mita zetu 4 kabla maji hayajafika mdomoni, na kwamba kwenye tanki letu mnyama anayelala chini ndiye mwenye nguvu. Wamekubaliana juu ya mamba, na bomba la taya lake tayari liko mezani.