Fundi wa mchezo

Nilikuwa kidato cha tatu, Mombasa, na mchezo wangu wa kwanza ulikuwa umechaguliwa kupelekwa tamasha la drama la shule. Kwenye ukurasa wa mbele niliandika jina langu kwa herufi kubwa, na chini yake neno la Kiingereza "playwrite", nikimaanisha mtunzi wa mchezo. Nilijiona nimefika.

Mwalimu wa Kiingereza akaniita, akalizungushia neno lile wino mwekundu. "Hii 'write' umeitoa wapi?"

"Si mimi niliyeuandika, Mwalimu?"

Akacheka, akaandika "wright" pembeni. Hilo, akasema, halina ukoo na kuandika. Ni neno la kale la fundi, mtu aundaye kitu kwa mikono yake. Wa magurudumu ni "wheelwright", wa vyombo vya baharini "shipwright".

"Babako anafanya kazi gani?"

Nilisita. Kwenye fomu ya shule nilikuwa nimejaza mfanyabiashara. "Anaunda majahazi, Matondoni."

"Basi babako amekutangulia."

Sikufurahi hata kidogo. Nimetoka Lamu kuikimbia tezo na keekee, halafu nije niandikwe fundi! Nikaomba tuweke "dramatist", maana lina sauti ya msomi. Akasema wengi huyachanganya hayo mawili na si kosa kubwa, ila "drama" ni sanaa nzima, ni somo la darasani. "Play" ni mchezo mmoja, kama huu uliopo mezani na kasoro zake. "Wewe una mchezo mmoja," akamaliza.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Ben Jonson, mtunzi wa michezo wa Uingereza, katika mashairi yake yaliyochapwa 1616, alilitumia "playwright" kwa kejeli. Mwenyewe alitaka aitwe mshairi. Kumbe tulikuwa wawili. Kiswahili nacho hakikuniokoa: mtunzi hutunga mchezo kama vile watu watungavyo shanga na samaki.

Likizo ilipofika nilimsimulia Baba. Alikuwa amechutama ubavuni mwa jahazi akikalafati, akiziba mianya ya mbao, vidole vimejaa pamba na mafuta. Hakugeuka.

"Na huo mchezo wako, unavuja?"

Nikafikiri. "Katikati, Baba. Binti anaondoka kwao na hakuna anayejua kwa nini."

"Abiria wameshapanda?"

"Tamasha ni muhula ujao."

"Basi wakati upo," akasema, akachomoa pamba nyingine.