Na Binti Yangu Kwenye Bonde la Vyuo

Sisi tuliosoma Tanzania, chuo tulikiona siku ya kuripoti. Unajaza fomu, unasubiri majina yatoke, unafunga sanduku, unakwenda. Kwa hiyo shule ya binti yangu hapa Massachusetts iliposhauri wanafunzi wa darasa la 11, waliobakiza mwaka mmoja kumaliza sekondari, watumie likizo ya Aprili kuzungukia vyuo, baba yake alicheka: "Kwani tunatafuta nyumba ya kupanga?" Kazini kwao hawakumpa ruhusa, safari ikawa ya mama na mwana.

Tulielekea magharibi ya jimbo, kwenye bonde la mto Connecticut. Nililichagua kwa uvivu wa kupanga tu: ndani ya mwendo mfupi wa gari unapata chuo kikuu kikubwa cha serikali, chuo kidogo cha binafsi, na vyuo viwili vya wanawake. Mtoto asiyejua kama anataka kukubwa au kudogo anaweza kujijua hapo bila kuvuka mipaka ya majimbo. Tena vyuo hivi vimeungana tangu 1965 katika ushirikiano wa Five Colleges. Mwanafunzi wa kimoja husoma kozi kwenye kingine bila ada ya ziada, na mabasi ndiyo yanayowazungusha. Cha tano, Hampshire College, hatukukiweka kwenye ratiba.

Sharti langu lilikuwa moja: tuulize maswali yaleyale kila mahali. Ziara za vyuo hupangwa ili uone kizuri, na si kosa lao, mgeni hapokelewi jikoni. Lakini ukiuliza hapa habari za maabara na kule habari za mabweni, unarudi nyumbani na hadithi mbili zisizokutana. Binti aliandika matatu yake kwenye simu. Saa nne usiku wanafunzi wanakuwa wapi? Mara ya mwisho kuzungumza na mwalimu nje ya darasa ilikuwa lini? Na ungepewa uwezo, ungebadilisha nini hapa? La nne lilikuwa langu: wangapi wanamaliza kwa miaka minne? Hilo nalipendekeza kwa kila mzazi, kwa sababu takwimu ya kuhitimu inayotangazwa sana Marekani huwapa wanafunzi miaka 6 kumaliza shahada ya miaka 4. Miwili hiyo ya katikati ina ada yake, na mlipaji unamjua.

Tulitoka barabara kuu pale Palmer, tukapita Belchertown, na kabla hatujauona mji wa Amherst tukaliona jengo la maktaba ya UMass, kile chuo kikuu cha serikali, ghorofa 28, limesimama peke yake juu ya miti. Lina jina la W.E.B. Du Bois, msomi na mtetezi wa haki za watu weusi, mzaliwa wa jimbo hili aliyefariki Accra mwaka 1963, na nyaraka zake zimehifadhiwa humo. Mimi nilitaka kusimama hapo. Nilitaka pia kumwonyesha binti kwamba ni kwenye chuo hiki, Februari 1975, mwandishi wa Nigeria Chinua Achebe alitoa mhadhara wake wa kumshambulia Joseph Conrad kwa jinsi alivyowachora Waafrika kwenye riwaya yake ya Heart of Darkness. "Mama, twende, wanatuacha," akasema, na kweli kundi lilikuwa limeshafika mbali, kijana mwongozaji akitembea kinyumenyume huku anaongea.

UMass ina zaidi ya wanafunzi elfu 20 wa shahada ya kwanza, na ukubwa huo unausikia miguuni. Mihadhara ya mwaka wa kwanza yaweza kuwa na mamia ya watu, kisha wanagawanywa kwenye vikundi vidogo. Nilidhani binti ataogopa. Kumbe alikuwa akihesabu: fani ambazo hajawahi kuzisikia, vilabu, maabara. Kwa mtoto ambaye mwezi huu anataka uhandisi na mwezi ujao anataka habari za bahari, mahali penye milango mingi si pabaya.

Kwenye kundi letu kulikuwa na baba mmoja ambaye kila swali lake lilianza na "sisi". Sisi tuna alama hizi, sisi tunaomba mapema, sisi tutapata nafasi? Mwanawe alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akawa anatembea na familia nyingine kabisa. Ugonjwa huo wa "sisi" ni wa wazazi wengi, nami nilijikagua. Tulikubaliana na binti kwamba maswali ya masomo na maisha atauliza yeye, ya fedha nitauliza mimi, na nitayauliza ofisini, si mbele ya watu.

Amherst College iko mjini humohumo, juu ya kilima, na mtu akitoka UMass anahisi amepunguziwa sauti. Wanafunzi wote hawafiki elfu mbili. Wasomaji wa Kenya watakifahamu: Uhuru Kenyatta alihitimu hapo 1985. Kilichonivutia zaidi ni kwamba, ukiacha semina ya mwaka wa kwanza na masharti ya fani yako, hakuna orodha ya kozi za lazima. Binti alisikia uhuru, mimi nikasikia hatari, na nadhani sote tulisikia sawasawa. Ni chuo kinachochuja sana waombaji, kwa hiyo nilimwambia akipende kiasi.

Kuna kampasi moja, sitasema ipi, ambapo swali la kuzungumza na mwalimu nje ya darasa lilimkwamisha mwongozaji. Alitabasamu, akatuambia walimu ni watu wa karibu sana, akapita. Binti hakusema neno, aliandika tu. Jioni alinisomea: "Hakujibu." Hapo ndipo faida ya kurudia swali moja ilipoonekana, maana kwingine walijibu kwa siku na jambo: "Jana, alinisaidia kupanga jaribio." "Jumatatu, nilikwenda kulalamikia alama."

Kwenda Mount Holyoke unafuata barabara ya 116, inayopanda katikati ya vilima vya Holyoke Range kisha kushuka South Hadley. Njia nzima binti alikuwa amenuna. "Wanawake watupu, Mama? Miaka minne?" Sikumjibu, kwa sababu jibu la mzazi hapo halina thamani yoyote. Chuo hiki kilianzishwa na Mary Lyon mwaka 1837, wakati mwanamke wa Marekani hakuwa na haki ya kupiga kura. Frances Perkins, mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika serikali ya Marekani, alihitimu hapa 1902. Historia hiyo ilimgusa mama mtu. Mtoto aliguswa na msichana mwongozaji aliyeulizwa angebadilisha nini, akacheka, akaanza kujibu, na bado alikuwa anajibu tulipomaliza kuvuka uwanja. Alilalamika kama mtu anayelalamikia kwao. Binti akaanza kuuliza maswali ambayo hayakuwa kwenye simu, nami nikabaki nyuma makusudi, nikisoma matangazo ukutani. Mbao za matangazo, kwa maoni yangu, husema kweli kuliko vipeperushi: nani anatafuta mtu wa kukaa naye chumba, mkutano gani umeahirishwa, kikundi gani kinabishana na uongozi.

Northampton tulifika kwa kuvuka mto kwenye daraja la Coolidge. Kampasi ya Smith College, chuo cha pili cha wanawake, nzima ni bustani ya mimea, ina nyumba ya vioo ya tangu karne ya 19, ndani yake migomba na mikakao. Nilikaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Binti alikwenda kuzungumza na wanafunzi, akarudi na habari iliyonifurahisha: kupitia ushirikiano wa vyuo hivi Kiswahili kimekuwa kikifundishwa. Yeye ambaye nyumbani ananijibu kwa Kiingereza aliitangaza kama habari ya kawaida.

Kazi yangu hasa ilianza tuliporudi. Gharama yote ya mwaka kwenye vyuo binafsi vya eneo hili inazunguka dola 90,000. UMass kwa mkazi wa jimbo haifiki nusu ya hapo. Mzazi mgeni akiona hivyo anafuta vyuo binafsi papo hapo, na nimewajua wenzangu waliofanya hivyo. Lakini bei ya kwenye tangazo si bei utakayolipa. Sheria ya mwaka 2008 inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za msaada za serikali kuu viweke mtandaoni kikokotoo cha bei halisi, na tangu 2011 vimekuwa navyo. Unaingiza kipato, watoto, akiba, nacho kinakukadiria utabaki kulipa kiasi gani baada ya ruzuku. Niliketi na karatasi za kodi, nikaingiza takwimu zilezile kila mahali. Chuo binafsi kimoja kilitoa makadirio yaliyokaribia kabisa yale ya chuo cha serikali. Ni makadirio, hayamfungi mtu, lakini yalinizuia kukata jina ambalo lingekatwa na woga.

Jambo la kuangalia hapo ni kama "msaada" unaotajwa una mkopo ndani yake. Ruzuku hairudishwi, mkopo una riba, na malipo ya kazi za chuoni mtoto anayapata akishafanya kazi, si siku ya kulipa ada. Vitu vitatu hivyo mara nyingi huandikwa kwenye safu moja na kujumlishwa kana kwamba ni fedha ya aina moja. Amherst na Smith wameondoa mikopo kwenye misaada yao, na kwa familia kama yetu hilo ni kubwa kuliko bustani.

Orodha ya binti sasa ina UMass na Mount Holyoke juu, Amherst imebaki kwa bahati na sala. Vuli anataka kurudi kwenye vyuo viwili vya juu siku ya masomo, akae darasani. Ameshajiandikisha mwenyewe, akanitumia tarehe ili niombe ruhusa kazini. Smith nayo ameiacha kwenye orodha, kwa sharti kwamba nisitaje tena ile migomba.