Fundi cherehani kwa askari wa miavuli

Shemeji ndiye aliyetaka kwenda makumbusho ya vita. Mimi nilifika Ufaransa kumsalimia mdogo wangu na kichanga chake, si kutazama bunduki. Lakini Jumapili mvua ikatufungia ndani, tukaona bora gari. Saa moja hivi kutoka Caen tukawa Sainte-Mère-Église, nimeinua shingo kama kuku anayekunywa maji: kuna mtu ananing'inia kwenye mnara wa kanisa!

Ni sanamu ya John Steele, Mmarekani wa Divisheni ya 82, kikosi cha askari wanaoruka kutoka ndegeni kwa miavuli. Alinasa hapo na mwavuli wake usiku wa Juni 6, 1944, Wamarekani na wenzao walipokuja kuwatoa Wajerumani Ufaransa. Chini nyumba inaungua, kengele inaita watu waje kuzima, Wajerumani wamejaa, naye kajifanya maiti kama saa mbili nzima. Walimshusha wakamteka, baadaye akatoroka.

Makumbusho yako hapo hapo jirani na kanisa. Shemeji alipotelea kwenye silaha, mimi nikakwama kwenye Waco, ndege isiyo na injini. Ilikokotwa kwa kamba na ndege nyingine, kisha ikaachiwa ijitue yenyewe gizani na watu wake 15. Na ngozi yake? Kitambaa! Pamba iliyopakwa dawa ikakakamaa, imevishwa juu ya mifupa ya bomba za chuma. Nimeshona Tanga miaka 22. Kitambaa kikianza kuchanika hakisikii la mtu.

Miavuli niliitazama kwa jicho la kazi. Mwavuli wa Mmarekani ulikuwa na vipande 28, vyembamba juu, vipana chini, vimeunganishwa kwa mshono wa kukunja kama ule wa jinzi. Askari alitundika ndoano ya kamba ya mwavuli wake kwenye waya ndani ya ndege. Akiruka, kamba inauvuta mwavuli ufunguke wenyewe. Yaani hata kuufungua si kazi yake. Amemwachia roho yake aliyeshona na aliyekunja, watu asiowajua hata kwa sura. Mimi wateja wangu hugombana nami kwa zipu tu.

Miavuli iliyobaki mashambani, wanawake wa huku waliishonea magauni, mengine ya harusi. Hapo nilicheka peke yangu. Fundi ni fundi.

Njiani kurudi shemeji akaniuliza bunduki ipi imenivutia. Nikamwambia sikuona hata moja.

Usiku nikaomba sindano na uzi. Ile mbeleko ya dukani anayobebewa mtoto, mkanda wake ulikuwa na mshono mmoja tu. Nikaupiga wa pili.