Siku Niliyomkuta Livingstone Amesimama

Sisi tuliokulia Bagamoyo tulimjua David Livingstone, daktari na mmisionari wa Kiskoti, akiwa maiti. Pale misheni upo mnara wa kanisa la zamani ambamo mwili wake ulilazwa usiku mmoja, Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja. Alifia Chitambo, nchi inayoitwa Zambia leo, Mei 1873. Watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake huko huko, mwili wakautia chumvi na kuukausha juani, kisha wakaubeba kwa miguu miezi na miezi hadi pwani. Tangu nikiwa mtoto niliipenda habari hiyo kwa ajili ya wabebaji, si kwa ajili ya aliyebebwa.

Kwa hiyo, nilipotoka stesheni ya Waverley mjini Edinburgh, Mei 2018, nilishtuka kumwona wima. Shangazi, muuguzi aliyeishi Glasgow miaka mingi, alikuwa amenileta kwa treni ya asubuhi na hakuniambia kitu.

“Haya mwanangu, mgeni wenu huyo,” akasema.

Sanamu ni ya shaba nyeusi, Biblia mkononi, na imewekwa bustanini karibu na mnara mrefu wa mwandishi Walter Scott. Aliyeichonga ni mwanamke, Amelia Robertson Hill, katika zama ambazo kazi kama hizo walipewa wanaume. Hilo nililiheshimu. Lakini daktari amesimama peke yake. Nilizunguka nikamtazama kila upande, na kila upande yuko peke yake. Naamini mpaka leo kwamba pale wanapungua watu wawili.

Shangazi aliniacha nimalize, ndipo akanivuta mkono twende kwenye jumba la sanaa lililo kilimani, The Mound. Kuingia ni bure. Kuna picha moja aipendayo, ndogo kuliko nilivyotarajia: Mchungaji Robert Walker, nguo nyeusi, mikono imefungwa kifuani, anateleza kwa mguu mmoja juu ya barafu ya ziwa Duddingston. Inahesabiwa kuwa kazi ya Henry Raeburn, ya miaka ya 1790. Shangazi alisema majira yake ya baridi ya kwanza huko aliogopa hata kuvuka barabara, na picha hii ndiyo iliyomwonyesha kwamba wenyeji wanaweza kuifurahia baridi.

Ngome ya Edinburgh sitaieleza sana. Tiketi yake ni ghali, umati ni mkubwa, na kilichonigusa ni viwili tu: kanisa dogo la Mtakatifu Margaret la karne ya 12, ambalo ndilo jengo kongwe kuliko yote mjini, na mzinga wa saa saba mchana. Unapigwa tangu 1861, kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu chache. Ulianzishwa ili mabaharia walio majini wapate kurekebisha saa zao. Mtu wa pwani ukimwambia hivyo anaelewa mara moja.

Tulishuka hadi Chambers Street, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Scotland. Hapo nako ni bure, na watoto wa shule walikuwa wamejaa chini ya nguzo nyeupe za chuma za ule ukumbi mkuu, wanakimbia na kupiga kelele bila kukaripiwa. Niliwaonea wivu. Historia ya mji wao iko wazi kwa kila mwenye miguu ya kuingia. Walijazana kumwona Dolly, kondoo aliyezaliwa 1996 kutokana na seli ya kondoo mzima, sasa amekaushwa ndani ya kioo.

Mimi nilikwama kwenye kete za sataranji za Lewis. Zimechongwa kwa pembe ya walrasi, mnyama wa baharini, katika karne ya 12, zikapatikana kisiwani Lewis 1831. Kumi na moja ziko hapo. Themanini na mbili ni mali ya British Museum, London. Malkia wao ameshika tama, macho yamemtoka. Shangazi akamtazama kwa muda mrefu.

“Huyu kapata habari za msiba,” akasema.

Hatua chache kutoka hapo iko Old College, jengo la chuo kikuu lenye kuba. Shangazi alikuwa ameliweka la mwisho makusudi. Mwalimu Nyerere alisoma katika chuo hiki kuanzia 1949, akahitimu shahada yake 1952, na mwenyewe alipata kusema kwamba falsafa yake ya siasa aliijenga akiwa Edinburgh. Babu yangu alisoma shule ya Pugu wakati Mwalimu, aliporudi, akifundisha pale.

Tukiwa uani, shangazi akampigia babu simu ya video.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Mko wapi, mbona mawe matupu?”

Alipoambiwa, akanyamaza kidogo, kisha akaniamuru nizungushe simu polepole, nimwonyeshe milango, madirisha, ngazi. Akauliza kama wanafunzi weusi wapo. Walikuwapo, mmoja alikuwa akipita na vitabu kifuani, nikamwonyesha babu. Akaanza kutusimulia siku ya 1955 waliyoambiwa darasani kwamba Mwalimu ameacha kazi, kwa kuwa alitakiwa achague kati ya siasa na kufundisha.

“Wenzangu walilia,” akasema. “Mimi nilikwenda kununua kadi ya TANU.”