Magadi Yaliniokolea Ringi za Messerschmitt

Messerschmitt KR200 ni kigari cha magurudumu matatu kilichotengenezwa Regensburg, Ujerumani, kati ya mwaka 1955 na 1964. Changu nilikitoa katika banda la shamba la mkonge nje ya Tanga, ringi zake zikimwaga magamba ya kutu kila nilipozigonga. Tairi halikunisumbua, kwa kuwa kipimo chake ni 4.00-8, kilekile cha bajaji, na huko Ngamiani, mtaa wa mjini Tanga, yamejaa tele.

Fundi mmoja alinishauri niiloweke ringi ya kwanza katika asidi ya betri usiku kucha, nami nikamsikiliza, jambo ambalo linaniuma hadi leo. Asubuhi kutu ilikuwa imetoka kweli, lakini imeondoka na chuma chenyewe: ukingo unaoshika tairi ulibaki mwembamba kama ganda la yai, na nilipouinua juani niliona mwanga ukipenya katika vitundu vitatu. Kabla ya adhuhuri, kwa upepo huu wetu wa bahari, sehemu iliyosalia ilikuwa imekwisha kuvaa kutu mpya.

Mbili zilizobaki niliziokoa kwa magadi, haya haya ya kulainishia maharage, ambayo sidhani kama yalifika shilingi elfu tano. (Kabla ya kulegeza bolti zinazounganisha nusu mbili za ringi, toa upepo wote kwenye tyubu, maana ringi ikifyatuka inaua.) Niliyayeyusha katika maji ndani ya pipa la plastiki, nikaning'iniza nusu moja katikati na kuizungushia vipande vinne vya nondo visivyoigusa, kwa sababu upande usioelekeana na nondo hausafiki vizuri. Waya hasi wa chaja ya betri niliufunga kwenye ringi, na waya chanya kwenye nondo, ili umeme upite katika maji ya magadi na kuilegeza kutu. Ukizigeuza nyaya hizo, ringi ndiyo italiwa. Mara viputo vyembamba vikaanza kupanda kwenye chuma kama maji yanayokaribia kuchemka. Hiyo ni gesi ya hidrojeni, na ndiyo maana pipa lilikaa uani, mbali na jiko la mkaa.

Siku ya pili kutu ilikuwa imegeuka tope jeusi lililotoka kwa brashi tu, na chini yake kikatokea chuma cha kijivu, kina vishimo lakini kizima. Nilikisuuza, nikakikausha na kukipaka rangi ya kuzuia kutu saa ileile.

Magurudumu ya mbele sasa yanazunguka. Nyuma pameegemezwa gogo la mwembe, nami naendelea kutafuta ringi ya tatu.